UZI: Fizikia miaka mitatu chuo kidogo, uhandisi miaka miwili chuo kikubwa (mpango wa 3-2 Marekani). Tupange mihula yote kumi

#1 Fundi_Ratiba

Wakuu, salaam.

Vijana wengi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati kidato cha tano na sita) wanapata nafasi kwenye vyuo vidogo vya Marekani ambavyo havina kitivo cha uhandisi. Kwenye tovuti ya chuo wanakuta kwamba kuna ushirikiano na chuo kikuu fulani: unasoma fizikia hapa miaka mitatu, unahamia kule miaka miwili, unatoka na shahada mbili, BA ya fizikia na BS ya uhandisi. Huo ndio mpango wa 3-2. Upo kweli na una umri mkubwa. Vyuo vya Atlanta, yaani Morehouse, Spelman na Clark, vinapeleka wanafunzi Georgia Tech kwa njia hii tangu 1969. Columbia ya New York, Washington University ya St. Louis na Case Western ya Cleveland nao hupokea wanafunzi kutoka vyuo washirika vingi.

Lakini njia hii haimsubiri anayejipanga mwaka wa pili. Nataka tuihesabu hapa hadharani, muhula kwa muhula, ili anayesaini ajue anachosaini.

Tuchukue chuo chenye kozi nne kwa muhula. Miaka mitatu ni nafasi 24, basi. Sasa zijazeni.

Hisabati inachukua tano: kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu (ile ya vigeu vingi), milinganyo tofautishi na aljebra ya mstari. Fizikia inachukua tisa: mekanika ya utangulizi, umeme na sumaku ya utangulizi, fizikia ya kisasa, elektroniki ya maabara, mekanika ya juu, sumakuumeme ya juu, joto na takwimu za chembe, mekanika ya kwanta, na maabara ya juu. Kemia yenye maabara ni moja, programu za kompyuta ni moja, na kozi moja ya mlango wa uhandisi (statiki, yaani nguvu kwenye vitu vilivyotulia, au saketi za umeme; nitamwachia mwenzetu Mhimili aeleze kwa nini hiyo si ya hiari). Jumla 17.

Zimebaki saba. Humo mna kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza, lugha ya kigeni mihula miwili, na nne za historia, falsafa, sanaa au uchumi ambazo chuo kinadai kwa kila mhitimu. Zimekwisha. Hakuna nafasi hata moja ya kurudia kozi wala ya kubadili mawazo.

Hapo hapo mtu asome minyororo, yaani kozi ipi lazima itangulie ipi. Mekanika ya utangulizi hutaka kalkulasi ya kwanza iwe inaendelea. Umeme na sumaku hutaka kalkulasi ya pili. Fizikia ya kisasa hutaka vyote viwili. Kwanta hutaka fizikia ya kisasa na milinganyo tofautishi. Ukiambiwa "anza kalkulasi Januari, muhula wa kwanza pumzika uzoee baridi", mnyororo mzima umesogea mbele, na kwanta imeangukia mwaka ambao hutakuwepo chuoni.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio unaoua mipango mingi kuliko GPA (wastani wa alama). Idara ndogo ya fizikia yenye walimu wanne au watano haifundishi kozi za juu kila mwaka. Inazipokezanisha: mwaka huu kwanta, mwakani sumakuumeme. Mwanafunzi wa miaka minne haumii, kwa sababu kila kozi itampitia akiwa mwaka wa tatu au wa nne. Wa 3-2 hana mwaka wa nne. Mfano: umeingia Agosti 2026. Kwanta inafundishwa Agosti 2027 na Agosti 2029. Agosti 2027 ndiyo kwanza unaanza fizikia ya kisasa, kwa hiyo hujafikia sharti la kuingia. Agosti 2029 umeshahamia chuo cha pili. Kozi imekupita pande zote mbili.

Dawa zipo, ila zinaombwa mapema. Mkuu wa idara anaweza kukufundisha kwanta peke yako kama kozi ya kujisomea chini ya usimamizi, au akaruhusu fizikia ya kisasa na kwanta zisomwe pamoja, au akakubali kwa maandishi kwamba kozi fulani ya uhandisi mwaka wa nne itajaza nafasi hiyo. Neno zito hapo ni *kwa maandishi*. Mkuu wa idara hubadilika, akaenda likizo ya utafiti, akastaafu. Barua pepe yenye jina la kozi, namba yake na chuo itakakosomwa inabaki kwenye faili la msajili.

Kwa hiyo kabla hujakubali nafasi, omba idara ikutumie ratiba ya kozi za juu za miaka mitatu ijayo. Wakikosa kuwa nayo, omba ya miaka minne iliyopita. Mzunguko utauona mwenyewe.

#2 Tumaini_PCM

Shikamooni wakubwa. Nina maswali mawili. Kalkulasi tumesoma kidato cha tano na sita, je naweza kuruka ya kwanza? Na GPA inayotakiwa ni ngapi?

#3 Fundi_Ratiba

Marahaba mdogo wangu.

Kuruka kalkulasi ya kwanza inawezekana na ina faida kubwa, kwa sababu inakufungulia nafasi moja kati ya zile 24. Hesabu za PCM zina utofautishaji (differentiation), ufumbatishaji (integration), milinganyo tofautishi ya mwanzo, vekta na namba changamano. Hizo zinatosha kuanzia kalkulasi ya pili, ilmradi ufanye mtihani wa upangaji wa chuo ukiwa umepitia tena mada ya mfululizo wa namba (series) na mbinu za ufumbatishaji. Lakini uliza maswali mawili tofauti. La kwanza, chuo chako kitakupa krediti (pointi za kozi zinazohesabika kwenye shahada) au kitakuruhusu kuruka tu? La pili, chuo cha uhandisi kitatambua? Vingine hutaka kuona kila kozi ya sharti ikiwa na alama ya chuo kikuu. Kama ndivyo, kalkulasi ya pili yenye A mara nyingi huwatosha kama ushahidi wa ya kwanza, ila pata jibu lao kwa barua pepe.

Fizikia ya utangulizi usiiruke. Wengi wanaona mekanika ya kidato cha sita inafanana na ya muhula wa kwanza, na mada kweli zinafanana. Tofauti ipo kwenye maabara na ripoti: makosa ya vipimo, uenezaji wa makosa, kuchora na kulinganisha data kwa kompyuta. Chuo cha uhandisi kinahesabu hiyo maabara.

Na ile lugha ya kigeni: omba msamaha au mtihani wa Kiswahili mapema. Vyuo vingi humwondolea sharti hilo mwanafunzi anayethibitisha kwamba anasoma na kuandika lugha nyingine mbali na Kiingereza. Ukifanikiwa umeokoa nafasi mbili, na hizo mbili ndizo zitakazobeba kemia ya pili au kozi ya kurudia ukihitaji.

GPA: Columbia wameweka 3.30, ya jumla na ya masomo ya sayansi. Washington University wameweka 3.25, nayo pande zote mbili. Elewa "pande zote mbili". Mtu ana A za historia na muziki, GPA ya jumla 3.5, lakini hisabati na fizikia zimekaa 3.1, huyo hajafika. Na kufikia kiwango si lazima iwe kukubaliwa. Kuna mikataba inayohakikisha nafasi ukitimiza masharti, na kuna inayokupa haki ya kushindana tu. Soma neno lililotumika kwenye mwaka wako wa kuingia.

#4 Mhimili

Nachukua upande wa uhandisi.

Ithibati ya shahada za uhandisi Marekani inatolewa na ABET. Kigezo chao cha mtaala kinataka angalau krediti 30 za semesta za hisabati na sayansi ya msingi, na angalau 45 za mada za uhandisi, pamoja na mradi mkubwa wa usanifu mwishoni. Mwanafunzi wa fizikia akihamia, zile 30 ameshazivuka. Zile 45 ndizo zinabaki karibu zote. Arobaini na tano kwa kozi za krediti tatu ni kozi 15. Gawanya kwa mihula minne: karibu nne kila muhula, zote za uhandisi, zote zenye kazi za kila wiki. Ongeza matakwa mengine ya chuo hicho. Ndiyo maana miaka miwili ya mwisho haina hewa.

Sasa mnyororo wa uhandisi wa mitambo uangalieni kwa makini. Statiki kwanza. Baada ya statiki, uimara wa vitu (mkazo, mnyumbuko, kupinda kwa boriti). Baada ya hiyo, usanifu wa mashine. Na mradi wa mwisho huchukua mihula miwili, unaanza Agosti ya mwaka wa mwisho, na mara nyingi unataka usanifu wa mashine uwe umekwisha au unaendelea.

Aliyefika bila statiki anaisoma Agosti ya mwaka wa nne. Uimara wa vitu Januari. Usanifu wa mashine Agosti ya mwaka wa tano, sambamba na kuanza mradi. Kila kitu kimebana na kinategemea kozi moja isiteleze. Kama usanifu wa mashine chuoni hapo hufundishwa Januari tu, umeongeza muhula wa kumi na moja, na ada yake.

Watu wa fizikia hudharau statiki. "Jumla ya nguvu ni sifuri, jumla ya momenti ni sifuri, nini kingine?" Kingine ni muhula mzima: matrasi (trusses) kwa njia ya viungo na njia ya kukata, fremu zenye pini, msuguano wa kabari na skrubu, michoro ya nguvu mkato na momenti ya kupinda, vitovu vya maumbo na momenti ya pili ya eneo. Anayefika kwenye uimara wa vitu bila kuichora michoro hiyo upesi anafeli jaribio la kwanza, hata kama mekanika ya Lagrange anaijua vizuri.

Suluhisho: kama chuo chako kidogo hakifundishi statiki, isome kiangazi cha kati ya mwaka wa pili na wa tatu kwenye chuo cha jamii (community college) kilicho karibu. Ni krediti tatu. Kabla ya kulipa, tuma silabasi kwa chuo cha uhandisi wakuambie watailinganisha na kozi yao namba gani. Ukipata chini ya C haihamishiki.

Kwa umeme, badala ya statiki weka saketi. Saketi ya kwanza ndiyo mlango wa elektroniki, mifumo na ishara, na mashine za umeme. Ile elektroniki ya maabara ya idara ya fizikia haiwi badala yake kila mahali, kwa sababu mara nyingi huruka uchambuzi wa nodi na matanzi kwa utaratibu kamili na fezori (phasors), inakimbilia vikuza-ishara. Peleka silabasi, waache waamue.

#5 MzaziWaNyali

Asanteni sana kwa maelezo. Binti yangu amepata nafasi chuo kidogo, ufadhili karibu wote kwa miaka minne. Anataka kwenda 3-2. Ufadhili utamfuata kule chuo cha pili?

#6 Bi_Saketi

Mzazi, hongera kwa binti. Jibu ni hapana. Ufadhili unaotolewa na chuo ni pesa za chuo hicho. Akihama, unakoma. Chuo cha pili kitamtazama kama mwanafunzi wa kuhamia kutoka nje ya nchi, na kwa kundi hilo pesa ni chache zaidi kuliko kwa wanaoingia mwaka wa kwanza. Misaada na mikopo ya serikali ya Marekani kwa mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) haipo. Gharama za mwaka mmoja kwenye vyuo vikuu binafsi vya daraja hilo, ada na maisha pamoja, zimeshapita dola 80,000. Mara mbili.

Na ili apate I-20 mpya (hati ya chuo inayobeba hadhi yake ya mwanafunzi wa kigeni), chuo cha pili kitadai uthibitisho wa benki wa fedha za mwaka wa kwanza angalau. Hilo linakuja kabla hata hajapanga mizigo.

Kwa hiyo mwenye ufadhili kamili wa miaka minne ninamshauri waziwazi: maliza miaka minne ya fizikia, halafu omba shahada ya uzamili au ya uzamivu ya uhandisi. Uzamivu wa uhandisi Marekani kwa kawaida hulipiwa: ada inasamehewa na unalipwa posho kwa kazi ya utafiti au ya kufundisha. Mtu wa fizikia anapokelewa vizuri kwenye uhandisi wa umeme, vifaa vya nusukipitishi, optiki, sayansi ya mata, nyuklia. Kule wanataka hasa ile kwanta na sumakuumeme ambayo 3-2 inakulazimisha kuiharakisha.

Kuacha mwaka mmoja uliolipiwa ili kununua miwili isiyolipiwa ni uamuzi wa familia yenye uwezo. Asipewe binti kama ndoto kabla ya kuona karatasi ya gharama.

#7 Mhimili

Bi_Saketi, kwenye pesa nakubaliana nawe moja kwa moja. Ila kwenye mbadala wako kuna jambo la leseni ambalo lazima mzazi alijue.

ABET huthibitisha zaidi programu za shahada ya kwanza. Programu nyingi za uzamili wa uhandisi Marekani hazina ithibati yao kwa sababu hazikuiomba. Mtu mwenye fizikia kisha uzamili wa uhandisi anaweza kufanya kazi nzuri sana kiwandani, kwenye chipu, kwenye programu, kwenye utafiti. Akitaka kusaini michoro ya jengo au ya kituo cha umeme kama mhandisi mwenye leseni, bodi nyingi za majimbo hudai shahada ya kwanza ya uhandisi yenye ithibati, na zile zinazokubali njia nyingine huongeza miaka ya uzoefu.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Tanzania, ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) humsajili mhandisi mhitimu kwa shahada ya uhandisi, ndipo aingie SEAP, yale mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu, kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Kenya, EBK (Bodi ya Wahandisi) nao wanaanzia kwenye shahada ya uhandisi wanayoitambua. BA ya fizikia haimfikishi mtu mlangoni.

Basi swali la kumuuliza binti si "unapenda uhandisi?" Muulize kazi anayoitaka inahitaji saini au haihitaji. Madaraja, majengo, maji, umeme wa gridi: inahitaji, na 3-2 au uhandisi wa moja kwa moja ndiyo njia. Nusukipitishi, leza, vipimo vya tiba, uundaji wa vifaa vya satelaiti: kwa sehemu kubwa haihitaji, na njia ya Bi_Saketi ni nzuri kuliko 3-2.

#8 Bi_Saketi

Hapo kwenye saini umenisahihisha vizuri, nimekubali. Niongeze kwamba kuna njia ya katikati: shahada moja ya miaka minne ya fizikia ya uhandisi, ambayo baadhi ya vyuo wanaifundisha ikiwa na ithibati ya ABET. Colorado School of Mines ni mfano. Hakuna kuhama, hakuna shahada mbili, na kwanta unaisoma kwa utulivu.

#9 MzaziWaNyali

Nimeelewa. Anataka mambo ya optiki na vifaa vya hospitali. Tutaongea naye.

#10 Kiti_cha_Mbele

Wakuu, mimi naona kuna vyuo ambavyo uhandisi wake ni wa kupokezana: muhula darasani, muhula kiwandani kwa mshahara. Je, ukihamia kwa 3-2 unaweza kuingia kwenye utaratibu huo? Mshahara wa kiwandani si ungesaidia ada?

#11 Fundi_Ratiba

Utaratibu huo ulianzia University of Cincinnati mwaka 1906, chini ya Herman Schneider, na wanafunzi 27. Northeastern ya Boston ikafuata 1909. Kanada, Waterloo ilizaliwa nao 1957. Ni elimu nzuri kupita kiasi kwa mhandisi, lakini haukai vizuri na 3-2, kwa sababu ya muda. Wanaohamia wana mihula minne tu, na minyororo aliyoonyesha Mhimili haina pengo la kuchomeka kazi ya miezi minne au sita katikati. Ukitoka Januari kwenda kiwandani, uimara wa vitu unakusubiri Januari nyingine. Vyuo vingine vinaruhusu ukiongeza mwaka wa sita. Wengi wanafanya kazi kiangazi tu, wiki kumi hadi kumi na mbili, na hiyo inatosha kuwa na jina la kampuni kwenye wasifu.

Kuhusu pesa, mshahara unasaidia kula na kodi ya chumba. Ada ya chuo binafsi haifikii.

#12 Bi_Saketi

Na kwa mwenye F-1 kuna hesabu ya miezi ambayo lazima iandikwe ukutani.

Kazi ukiwa bado unasoma hupitia CPT, ruhusa ya mafunzo ya kazi ndani ya masomo. Inatolewa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo, kwa kazi iliyo sehemu ya mtaala, baada ya kumaliza mwaka mmoja kamili wa masomo. Kazi ya zaidi ya saa 20 kwa wiki ni ya muda wote. Ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote kwenye ngazi moja ya elimu, unapoteza OPT ya ngazi hiyo. OPT ndiyo ile miezi 12 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, na kwa fani za sayansi na uhandisi unaweza kuiongezea miezi 24. Ukipoteza ile 12, na 24 imekwenda, kwa sababu ni nyongeza juu yake.

Sasa fikiria vipindi vitatu vya kazi vya miezi minne. Tatu mara nne ni 12. Au viwili vya miezi sita. Mtu anamaliza chuo na uzoefu mzuri, halafu anagundua hana ruhusa ya kufanya kazi hata siku moja. Hakikisha jumla inabaki chini ya miezi 12, na uihesabu kwa tarehe zilizoandikwa kwenye I-20. Usiihesabu kwa siku ulizokwenda kazini. Kazi ya saa 20 au pungufu haiingii kwenye hesabu hiyo.

Jambo la pili: shahada mbili za kwanza hazikupi OPT mbili. BA na BS ni ngazi moja, ni OPT moja.

Maombi ya OPT, fomu I-765, yanapokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza hadi siku 60 baada yake. Peleka mapema, kwa sababu uchakataji huchukua miezi.

#13 Kiti_cha_Mbele

Duh. Na wakati wa kuhama chuo cha kwanza kwenda cha pili, viza inakuwaje? Natakiwa kurudi ubalozini Dar?

#14 Bi_Saketi

Ukiwa ndani ya Marekani huhitaji. Rekodi yako ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) inahamishwa: chuo cha kwanza kinaweka tarehe ya kuiachia, chuo cha pili kinatoa I-20 mpya. Kati ya kutoka na kuanza masomo isizidi miezi mitano, na lazima uanze muhula wa kwanza unaopatikana. Viza iliyo kwenye pasipoti ikiwa bado hai inatumika kuingilia hata kama ina jina la chuo cha zamani, ila beba I-20 mpya. Viza ikiwa imekwisha na ukatoka nje, hapo ndipo utaomba upya.

Kosa la kawaida: mtu anapanga kazi ya kiangazi kati ya vyuo viwili, CPT imetolewa na chuo cha kwanza, tarehe ya kuachia rekodi imewekwa Juni. Siku rekodi inapohama, ile CPT imekufa, hata kama karatasi inasema Agosti. Tarehe ya kuachia iwekwe baada ya siku ya mwisho ya kazi. Na muulize ofisa wa chuo cha kwanza kama ataweza kutoa CPT hiyo wakati unaondoka, kwa sababu wengine hawatoi.

#15 Tumaini_PCM

Fundi, ulitaja mtego wa kozi zinazopokezana. Hakuna mpango wenye mwaka wa nne nyumbani, yaani kwenye chuo cha kwanza?

#16 Fundi_Ratiba

Upo, na kwa mtu wa fizikia ndio ninaoupenda kuliko yote. Dartmouth, kupitia kitivo chao cha Thayer, hupokea wanafunzi wa vyuo washirika kwa mtindo huu: miaka miwili nyumbani, wa tatu Dartmouth, wa nne unarudi nyumbani kumaliza BA na wenzako, wa tano Dartmouth tena kwa shahada ya BE (ya uhandisi), ambayo ndiyo yenye ithibati ya ABET. Kozi iliyokupita mwaka wa pili unaikuta mwaka wa nne. Na unapohitimu BA mwaka wa nne, unayo mkononi, hata jambo likitokea mwaka wa tano.

Kwenye 3-2 ya kawaida huna shahada yoyote hadi mwisho wa mwaka wa tano. Vyuo vingi vya nyumbani hutoa BA baada ya chuo cha pili kukamilisha BS. Ukikwama muhula wa tisa, kwa pesa au ugonjwa, una miaka minne na nusu ya masomo na huna cheti. Waulize chuo cha nyumbani swali hili: nikimaliza mwaka mmoja wa uhandisi nikashindwa kuendelea, naweza kurudi kukamilisha BA, na kwa kozi zipi? Jibu liwe kwenye maandishi kabla ya kuondoka.

Angalizo kwa Dartmouth: wanatumia robo-mwaka, mihula mifupi ya wiki kama kumi. Krediti moja ya robo-mwaka ni theluthi mbili ya krediti ya semesta, kwenye vyuo vinavyohesabu kwa krediti. Msajili wa nyumbani akibadilisha, kozi tatu zinaweza kuonekana kama mbili. Kaa naye na orodha kabla hujaenda.

#17 Mhimili

Nyongeza ya nyaraka, hasa kwa watakaorudi nyumbani au kwenda kufanya kazi Ghuba.

Kozi ulizohamisha huonekana kwenye transkripti ya chuo cha pili kama krediti tu, bila alama. Bodi ikitazama transkripti hiyo peke yake haioni kalkulasi wala fizikia yako ilikuwaje. Kwa hiyo kila mara, iwe ni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), ERB, EBK au mwajiri, peleka transkripti zote mbili, na ile ya chuo cha jamii kama ulisoma statiki huko. Hifadhi silabasi ya kila kozi kwa PDF siku unayoisoma, kwa sababu tovuti hubadilishwa na kozi hufutwa. Silabasi iwe na mada za kila wiki, saa za maabara na jina la kitabu.

Upande wa pili wa hiyo: kozi za uhandisi unazozisoma mwaka wa nne na wa tano lazima zirudi kwa msajili wa chuo cha kwanza ili BA ikamilike. Hazirudi zenyewe. Mwezi Mei wa mwaka wa tano, mara alama zikitoka, agiza transkripti rasmi itumwe chuo cha nyumbani, kisha thibitisha kwa barua pepe kwamba wameipokea na kwamba ile ruhusa ya mkuu wa idara ya kubadilisha kozi ipo kwenye faili. Sharti la kuomba kuhitimu chuo cha nyumbani nalo lina tarehe yake, mara nyingi miezi kadhaa kabla ya Mei. Likipita, BA inasogea hadi awamu inayofuata ya kutoa shahada, na mwajiri anayesubiri shahada mbili ataona moja.

#18 Tumaini_PCM

Nimeandika yote. Nimewatumia idara barua pepe kuomba ratiba ya kozi za juu hadi 2029, na nimeuliza kuhusu mtihani wa Kiswahili. Wakijibu nitaibandika ratiba hapa mnisaidie kuikagua.

#19 Fundi_Ratiba

Ibandike. Weka na mwezi kozi ya fizikia ya kisasa inapofundishwa, tutaanzia hapo.